Kuweka Data Zilizounganishwa kwenye Kurasa za Maktaba ya Kidijitali

Maktaba ikishaweka miswada yake mtandaoni, kila muswada huwa na ukurasa wenye picha, jina la mtunzi na maelezo mafupi. Msomaji huelewa, lakini kompyuta huona mfululizo wa herufi tu, wala haitambui kwamba "Mwana Kupona" wa ukurasa huu ndiye "Mwanakupona binti Mshamu" wa katalogi nyingine. Data zilizounganishwa huondoa utata huo kwa kumpa kila mtu na kila kitu anwani yake ya wavuti, kisha kueleza uhusiano uliopo baina ya anwani hizo.

Kwa hiyo shughulikia anwani kabla ya msimbo. Chagua anwani fupi isiyotaja programu mnayoitumia sasa, kwani programu hiyo itakapobadilishwa, viungo vyote vilivyowekwa na watu wengine vitakatika. Kisha weka maelezo ndani ya ukurasa kwa JSON-LD, mfumo wa kuandika data zilizounganishwa uliopitishwa na W3C (shirika la viwango vya wavuti) mwaka 2014, ukitumia msamiati wa schema.org, yaani orodha ya pamoja ya majina ya aina na sifa za vitu:

```
<script type="application/ld+json">
{
 "@context": "https://schema.org",
 "@type": "Manuscript",
 "@id": "https://maktaba.example/muswada/47",
 "name": "Utendi wa Mwana Kupona",
 "inLanguage": "sw-Arab",
 "author": {"@id": "https://maktaba.example/mtu/mwana-kupona"},
 "exampleOfWork": {"@id": "https://maktaba.example/utungo/12"}
}
</script>
```

Alama ya sw-Arab inaeleza kwamba lugha ni Kiswahili na herufi ni za Kiarabu, jambo ambalo sw peke yake haliwezi kulieleza. Mtunzi naye hakutajwa kwa jina tupu, bali kwa anwani ya ukurasa wake katika maktaba yenu, na ni katika ukurasa huo ndipo mtaweka sifa ya sameAs inayoelekeza kwenye rekodi zake za Wikidata (hifadhidata huria ya mtandaoni) na VIAF (orodha ya kimataifa ya majina ya watunzi inayotumiwa na maktaba). Hivyo marekebisho yatafanywa mahali pamoja, hata kama mna nakala nyingi za utendi huo.

Sifa ya sameAs inahitaji uangalifu mkubwa, maana inadai kwamba vitu viwili ni kitu kimoja, si kwamba vinafanana. Utendi ulitungwa mwaka 1858, ilhali muswada mlio nao huenda ulinakiliwa na mtu mwingine miaka mingi baadaye. Ukiuunganisha na rekodi ya utendi kwa sameAs, nakala yenu itahesabiwa kuwa ya 1858, na mnakili atasahauliwa. Ndiyo maana hapo juu tumetumia exampleOfWork, inayosema tu kwamba muswada ni nakala mojawapo ya utungo huo. Mwaka wa kunakili, ukijulikana, uandikwe kwenye dateCreated.

Msimbo huu usichapwe ukurasa kwa ukurasa: fundi wa tovuti atengeneze kiolezo kinachochota taarifa kutoka katalogi. Kwa maoni yangu, sehemu sita zilizo sahihi zina faida kuliko thelathini zilizojazwa kwa kubahatisha. Hatimaye pima kurasa chache kwa validator.schema.org, ukijua kwamba chombo hicho hukagua muundo wa msimbo tu. Anwani ya mtunzi ikiwa ni ya mtu mwingine mwenye jina kama lake, ni mkutubi anayeujua mkusanyiko ndiye atakayebaini, naye apewe rekodi azipitie kabla kurasa hazijatolewa.