Kumfungia wakala wa akili mnemba ndani ya Docker

Kumwandikia wakala (programu ya akili mnemba) anayekuandikia programu "usiguse funguo zangu" ni kumwomba tu. Anaendesha amri kwa jina lako, hivyo unachoweza kusoma wewe, folda ya funguo za seva `~/.ssh` ikiwemo, naye anakisoma. Maagizo yaliyofichwa kwenye README (faili la maelezo) ya maktaba ngeni yanatosha kumgeuza. Mpe nakala ya mradi, basi, ndani ya kontena la Docker, yaani chumba kilichotengwa na kompyuta yako:

```
git clone --no-hardlinks ~/miradi/duka ~/kifungo/duka
cd ~/kifungo/duka
docker network create --internal ndani
docker run --rm -it --network ndani \
  --user $(id -u):$(id -g) -e HOME=/tmp \
  -e HTTPS_PROXY=http://proksi:3128 \
  --cap-drop=ALL --security-opt=no-new-privileges \
  --memory=4g --pids-limit=256 \
  -v "$PWD":/kazi -v "$PWD/.git":/kazi/.git:ro \
  -w /kazi node:22 bash
```

Badala ya `node:22` weka imeji yako (kiolezo cha kontena) iliyokwisha kusakinishwa wakala. Nakala ya git haibebi `.env` (faili la siri) iliyotajwa kwenye `.gitignore`, lakini siri iliyowahi kuingia kwenye komiti inakuja nayo, ibadilishe kwanza. `HOME=/tmp` ipo kwa sababu kwenye Mac namba ya mtumiaji huanzia 501, kontena haliitambui, na npm, kisakinishi cha maktaba za Node, hugoma kwa EACCES (kosa la kukosa ruhusa).

Wengi husahau `.git:ro`, yaani kuifanya folda ya `.git` isomeke tu bila kuandikika. Bila hiyo wakala anaweza kuacha `.git/hooks/pre-commit`, hati ambayo git huiendesha yenyewe kabla ya kila komiti, nawe ukikomiti nje ya kontena, hati hiyo inaendeshwa kwa mamlaka yako yote. Kwa hiyo komiti unafanya mwenyewe, baada ya `git status` na `git diff`. Kagua hasa `scripts` za `package.json`, Makefile na `.vscode/tasks.json` kabla ya kuendesha chochote nje.

Mtandao wa `ndani` hauna njia ya kutokea. Weka Squid, programu ya proksi inayopitisha maombi ya mtandao, kwenye kontena liitwalo `proksi`, liunganishe na `ndani` na pia na mtandao wa kawaida, kisha ruhusu anwani mbili tu: ya modeli na `registry.npmjs.org`. Programu isiyosoma HTTPS_PROXY itakwama, haitatoroka. Ukiruhusu github.com umefungua mlango wa kutolea siri, maana yeyote anaweza kupokea data huko. Ufunguo wa modeli uwe wa peke yake, wenye kikomo cha matumizi.

Usimpe `/var/run/docker.sock`, faili la kuiamrisha Docker yenyewe, hata akililia. Ni sawa na kumkabidhi root, mamlaka ya juu kabisa, ya kompyuta.

Jaribu ukiwa ndani:

```
touch .git/hooks/x
curl --noproxy '*' https://example.com
```

Ya kwanza ijibu "Read-only file system", ya pili ishindwe. Ikifaulu hata moja, usimwashe wakala.