Zana za mkono Kariakoo: zijaribu dukani kabla hujalipa

Mtu anayeanza ufundi, au mwenye nyumba anayetaka kurekebisha mambo madogo kwa mkono wake, akifika kwenye maduka ya hadiwea ya Kariakoo jambo la kwanza atakaloonyeshwa ni seti: kasha moja lenye zana kadhaa wa kadhaa kwa bei inayolingana na ya spana chache nzuri. Ushauri wangu ni kuliacha kasha hilo. Sehemu kubwa ya vipande vyake hutavihitaji, na vile utakavyovihitaji kila siku ndivyo vitakavyopinda mapema. Afadhali uandike nyumbani kazi unazotarajia kufanya, kisha ununue zana za kazi hizo moja moja, kila moja ukiwa umeishika, umeikagua na kuijaribu palepale kaunta. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia kufungua pakiti, na anayekataa amekupa sababu tosha ya kwenda duka la pili.

Pima maji, yaani kipimo chenye kiputo cha hewa kinachoonyesha kama kitu kimelala sawa, ndiyo zana inayonunuliwa bila kujaribiwa kuliko zote, ilhali jaribio lake ni jepesi. Iweke juu ya kaunta, utie alama ya kalamu kwenye ncha zake mbili, uangalie kiputo kimesimama wapi. Kisha igeuze ili ncha ya kushoto iende kulia, uiweke juu ya alama zilezile. Kaunta yenyewe si lazima iwe imenyooka: kama kiputo kilikuwa kimeegemea upande wa mlango, baada ya kugeuza kiegemee tena upande wa mlango, kwa kiasi kilekile. Kikihama, irudishe, kwa sababu ukuta au fremu utakayoipima nayo itatoka imeinama.

Kwa futi, yaani utepe wa kupimia urefu, usiogope ukiona kile kichuma cha nchani kinacheza kidogo, maana kimetengenezwa hivyo makusudi. Huchezea kiasi cha unene wake wenyewe, ili kipimo kiwe sahihi ukikivuta kwenye ukingo wa ubao na pia ukikisukuma dhidi ya ukuta. Kilichokazwa kabisa au kinacholegea ovyo ndicho kibaya. Vuta futi mbili za aina tofauti sambamba, ulinganishe mistari yake hadi mita ya tatu.

Ukienda kununua spana, chukua boliti mfukoni. Boliti ya kawaida ya M8, yaani yenye unene wa milimita 8, ina kichwa cha milimita 13, hivyo spana namba 13 ikiivaa huku ikiyumba, hiyo itakula kona za boliti zako. Maandishi ya CrV, yaani chuma kilichochanganywa kromiamu na vanadiamu, ni dalili njema, lakini hata bidhaa feki hugongwa chapa hiyo. Amini mdomo wa spana kuliko maandishi yake. Kwa spana malaya, ile ambayo mdomo wake hupanuliwa na kubanwa, ifungue nusu, kisha usukume taya lake kwa kidole gumba uone kama linatikisika.

Plaizi ziinue kwenye mwanga: sehemu ya kukatia ikifungwa isipitishe mwanga hata kidogo. Hapa pana jambo la uhai. Mipini iliyovikwa plastiki nene nyekundu haimaanishi kwamba inazuia umeme, kwani mara nyingi plastiki hiyo ni ya kushikia tu. Anayegusa mambo ya umeme atafute alama ya 1000 V pamoja na pembetatu mbili, zinazoonyesha kiwango cha kimataifa cha zana za umeme, IEC 60900, na bado azime umeme kwanza, kwa kuwa volti 230 za nyumbani zinatosha kuua.

Nyundo ya wakia 16, karibu gramu 450, inafaa kwa kazi nyingi za nyumbani. Kama mpini ni wa mti, nyuzi za mti zifuate urefu wake bila kukatiza ubavuni. Usiijaribu kwa kuigonganisha na nyundo nyingine, maana kipande cha chuma kinaweza kuruka na kuingia jichoni.

Sanduku la zana linunuliwe mwisho. Panga kila ulichonunua sakafuni, upime kirefu kuliko vyote. Msumeno wa mbao wa inchi 22 hautaingia katika sanduku la inchi 19, na itabidi uutundike. Dukani, omba kutia ndani pakiti chache za misumari, uliinue kwa mpini wake mmoja na kutazama bawaba na vifungio: kifuniko kikijikunja, halitadumu. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Unguja au Mombasa, ambako hewa ya chumvi hula chuma haraka, sanduku la plastiki ngumu linafaa zaidi kuliko la bati, pamoja na kitambaa chenye mafuta kidogo cha kufutia zana kabla ya kuzifungia. Kisha dai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, uiweke mahali pakavu hadi utakapokuwa umeitumia kila zana.