Somo: Pete inayong'aa kwenye MRI ya ubongo, ni jipu au ni saratani?

Karibu kila wiki natumiwa picha moja ya ubongo kwa simu. Katikati kuna shimo jeusi, pembeni pete inayong'aa, na chini yake swali lilelile: "Daktari, huu ni usaha au saratani?" Nimejibu mpaka nimechoka, kwa hiyo naandika mara moja na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Somo ni la madaktari na radiografa. Ndugu wa mgonjwa anakaribishwa kusoma, ila asisome picha ya nyumbani kwake kwa somo hili kisha akasimamisha dawa.

Pete peke yake haina jina la ugonjwa. Inang'aa kwa sababu kinga iliyopo kati ya damu na ubongo imebomoka mahali hapo, dawa ya kontrasti (inayodungwa kwenye mshipa ili picha ionekane vizuri) ikavuja. Jipu la bakteria huchora pete. Glioblastoma, saratani kali inayoanzia ubongoni, huchora pete. Saratani iliyosambaa kutoka mapafu au titi, kifua kikuu cha ubongo, toksoplasma (kimelea kinachoshambulia wenye kinga dhaifu) na tegu wa nguruwe, vyote huchora pete.

Hatua ya 1. Soma fomu kabla ya picha: umri, VVU na CD4 (idadi ya chembe za kinga), kifua kikuu, sikio linalotoa usaha, jino bovu, tundu la moyo la kuzaliwa nalo, historia ya saratani. Usisubiri homa, karibu nusu ya wenye jipu la ubongo hawana homa wanapofika.

Hatua ya 2. Hakikisha aina zote za picha za MRI zimetimia: T1 kabla na baada ya kontrasti, T2 (maji hung'aa), FLAIR (T2 iliyozimwa mwanga wa maji ya ubongo), DWI (mwendo wa maji) pamoja na ramani yake ya ADC, na SWI (huonyesha damu na chokaa) kama mashine inaipiga.

Hatua ya 3. Tazama ukuta. Wa jipu lililokomaa huwa mwembamba na laini, mweusi kwenye T2, na mara nyingi hupungua unene upande unaoelekea vyumba vya maji ya ubongo. Wa glioblastoma huwa mnene hapa, mwembamba pale, wenye vinundu.

Hatua ya 4. DWI na ADC, kwa pamoja. Hapa ndipo nilipokosea mimi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

DWI hupima jinsi maji yanavyotembea. Usaha ni mzito, umejaa chembe nyeupe za damu, bakteria na protini, na maji yaliyonaswa ndani yake hayasogei kwa uhuru. Ndiyo maana katikati ya jipu hung'aa kwenye DWI na kuwa jeusi kwenye ADC. Saratani iliyooza katikati mara nyingi ina majimaji mepesi: giza kwenye DWI, mwanga kwenye ADC. Lakini DWI hubeba pia mwanga wa T2. Kitu chenye maji mengi kinaweza kung'aa kwenye DWI hata kama maji yake yanatembea bila kizuizi. Miaka ya mwanzo nililetewa mgonjwa, DWI ikawa nyeupe katikati ya pete. Ramani ya ADC haikuwa imetumwa, nami sikuidai. Niliandika "jipu". Mgonjwa akawekwa kwenye antibiotiki wiki tatu, pete ikazidi kukua, na kinyama cha kupima maabara (biopsi) kilipochukuliwa kikatoka glioblastoma. Wiki zile tatu zilikuwa za mgonjwa, na zilipotea kwa kalamu yangu. Tangu siku ile sisomi DWI isiyo na ADC. Kama ramani haipo naandika "haijakamilika" na narudisha.

Hata zikiwepo zote mbili, chunga haya:
– Damu ndani ya uvimbe huweza kuiga usaha. Linganisha na T1 ya kabla ya kontrasti na SWI.
– Toksoplasma mara nyingi haing'ai katikati kama jipu la bakteria. Usiiondoe kwa sababu hiyo.
– Limfoma (saratani ya chembe za kinga) huzuia maji kwenye nyama yenyewe kwa sababu seli zimesongamana. Angalia weusi wa ADC upo wapi: ndani ya shimo, au kwenye ukuta na nyama?
– Jipu la fangasi, au lililokwishatibiwa kwa siku kadhaa, huweza kupoteza sura hiyo.

Hatua ya 5. Kama unavyo vipimo vya ziada, vitumie. Kwenye SWI, jipu huweza kuonyesha mistari miwili iliyozungukana, wa nje mweusi na wa ndani mweupe. Kwenye perfusheni (kipimo cha wingi wa damu), ukuta wa glioblastoma una damu nyingi, wa jipu una damu kidogo. Kwenye spektroskopi (grafu ya kemikali za kidonda), asidi za amino karibu na 0.9 ppm ndani ya shimo huelekeza kwenye jipu la bakteria. Kolini (kemikali ya utando wa seli) iliyopanda kwenye ukuta huelekeza kwenye saratani.

Hatua ya 6. Mahali na idadi. Vidonda vingi kwenye ganglia za chini (viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo), na pale gamba la ubongo linapokutana na sehemu nyeupe, kwa mwenye VVU na CD4 chini ya 100: fikiria toksoplasma kwanza. Kidonda kimoja kilichoegemea vyumba vya maji au kuvuka daraja la kati linalounganisha nusu mbili za ubongo: fikiria limfoma. Kitovu cheusi kwenye T2 pamoja na utando unaong'aa chini ya ubongo: fikiria kifua kikuu. Kifuko chenye nukta ndani yake ni tegu.

Hatua ya 7. Andika unachoamini na kiwango cha uhakika wako. Ubongo ukiwa umesukumwa upande, sema wazi kwamba kuchomwa uti wa mgongo ni hatari. Usaha ukitolewa, uoteshwe, na upimwe kifua kikuu pia.

MASWALI

daktari_wa_zamu: Nimekutumia picha moja ya T1. Ni nini hiyo?
Jibu: Hatua ya 2.

daktari_wa_zamu: Mgonjwa ana hali mbaya, nisaidie tu kwa hiyo moja.
Jibu: Hali mbaya ndiyo sababu ya kutokubahatisha. Tuma DWI na ADC, nitaangalia usiku huuhuu.

mwanafunzi_mwaka_wa_nne: Shikamoo daktari. Kwa nini ukuta wa jipu upungue unene upande wa ndani?
Jibu: Marahaba, umeuliza vizuri. Upande wa gamba la ubongo unapata damu nyingi zaidi, hivyo seli zinazojenga ukuta hufanya kazi kwa nguvu huko. Sehemu nyeupe ya ndani inapata damu kidogo, ukuta unabaki dhaifu. Ndiyo maana jipu likipasuka hupenda kupasukia kwenye vyumba vya maji, na mgonjwa hubadilika ghafla. Ukiona ukuta umebaki uzi upande huo, mpigie daktari wa upasuaji simu, usisubiri ripoti ichapwe.

bingwa_mtarajiwa: Spektroskopi inamaliza ubishi. Kwa nini umeiweka mwishoni?
Jibu: Kwa sababu wanaonitumia picha wengi hawana. DWI ipo karibu kila mashine ya MRI ya 1.5T (nguvu ya sumaku yake) na haichukui hata dakika tatu. Naandikia vifaa tulivyonavyo.

kliniki_ya_VVU: Toksoplasma na limfoma nikishindwa kuzitofautisha?
Jibu: Anza dawa ya toksoplasma, rudia picha baada ya wiki mbili hivi. Vidonda vikipungua, endelea. Visipopungua, kinyama. Na kama hali ya mgonjwa inaruhusu, usiharakishe kutoa deksamethazoni (steroidi ya kupunguza uvimbe): huweza kusinyaza limfoma, ukadhani dawa yako ndiyo imefanya kazi, na kinyama kikatoka bila jibu.

mtaalamu_mpya: Mgonjwa wangu ni Mwislamu, hali nguruwe, kwa hiyo tegu nimeliondoa.
Jibu: Lirudishe. Nyama isiyoiva humpa mtu mnyoo wa tumboni. Vifuko vya ubongoni huja kwa kumeza mayai yatokayo kwenye kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huo, kupitia mikono, maji au mboga. Aliyekupikia anatosha. Mgonjwa akiwa ametoka Mbulu au Nyanda za Juu Kusini, uliza zaidi.

mtaalamu_mpya: Asante, sikujua. CT ina msaada wowote hapo?
Jibu: Sana. Vifuko vilivyokufa hugeuka chokaa, na chokaa huonekana vizuri kwenye CT kuliko MRI.

radiografa_kanda_ya_ziwa: Nyongeza kutoka chumba cha mashine: mgonjwa aliyechanganyikiwa, piga DWI mwanzoni kabla hajaanza kurusha miguu. Nimepoteza nyingi kwa kuiacha mwisho.
Jibu: Dada, hii naiingiza kwenye Hatua ya 2. Na ukiwa bado na mgonjwa mezani, shuka hadi kwenye mfupa wa nyuma ya sikio na sainasi. Mara nyingi chanzo cha jipu kinakaa palepale.