Kuhamisha kanda za nyumbani kwenda kwenye kompyuta kabla redio ya mwisho haijafa

Kama nyumbani kwenu kuna boksi la kanda za kaseti, usianze na zile za muziki. Taarabu uliyonunua dukani kuna mwingine anayo, na nyimbo nyingi za zamani utazikuta mtandaoni. Tafuta kwanza kanda isiyo na picha ya msanii: ile TDK au Maxell iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, "Barua ya Baba", "Harusi ya Mwanaidi", au isiyoandikwa kitu kabisa. Hiyo haina nakala popote duniani. Ikikatika, imekatika na sauti ya mtu wenu.

Mimi ni fundi wa redio hapa Ngamiani, Tanga. Zamani nililetewa redio kaseti zitengenezwe ili watu wasikilize kanda. Siku hizi naletewa kanda na watu ambao redio walishaiuza kwa wanunua vyuma. Wengi hawajui kwamba kazi yenyewe wanaweza kuifanya nyumbani, wakiwa na kompyuta ya kawaida, redio moja nzima, na subira. Naandika haya ili waifanye mapema, maana hedi (kipande kinachosoma utepe wa kanda) na mikanda ya mpira ya redio hizi inazidi kuwa adimu.

Vijana wengi hawakuona kaseti ilitufanyia nini, na ukilijua hilo ndipo utajua uokoe kipi kwanza. Kampuni ya Philips iliitoa kaseti mwaka 1963. Kilichobadilisha maisha ya huku pwani ni kitufe chekundu cha kurekodi na maikrofoni ndogo iliyofichwa kwenye kona ya redio. Tanzania Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994, na kupiga simu Uarabuni ilikuwa uende Posta ujiandikishe na usubiri. Barua nayo ilikuwa na aibu yake: mama asiyejua kusoma alisomewa barua ya mumewe na mtoto wa jirani, na mambo ya ndani yakaishia kibarazani. Kaseti ikaja ikaondoa msomaji katikati. Aliyekuwa Muscat au Dubai alizungumza mwenyewe, kanda ikafungwa kwenye mzigo wa msafiri pamoja na vitenge na marashi, na huku mama akafunga mlango akamsikiliza mumewe peke yake. Maulidi, mahubiri, mawaidha ya mashehe, nyimbo za unyago, wosia wa wazee, yote yaliingia humo.

Leo tunabonyeza kitufe cha sauti kwenye WhatsApp, kitufe kilichokuja mwaka 2013, na ndugu aliye Oman anasikia pale pale. Ni neema, siikatai. Lakini simu ikiibwa au ikifa, sauti hizo mara nyingi huondoka nayo, wakati kanda ya mwaka 1982 bado imo kabatini, inasubiri tu mtu wa kuicheza.

Sasa kazi.

Tafuta redio kaseti yenye tundu la hedifoni, au dekki ya zamani yenye matundu ya kutolea sauti nyuma. Usinunue vile vichezeo vya plastiki vyenye waya wa USB. Mota zake nyingi ni dhaifu, spidi inayumba, na sauti ya bibi inatoka kama analia. National, Philips au Sony ya zamani iliyotunzwa ni bora mara nyingi kuliko kitu kipya cha bei rahisi. Uliza kwa mafundi. Kila fundi mwenye umri ana moja juu ya kabati.

Usiingize kanda ya familia kwenye redio ambayo hujaisafisha. Fungua mlango wa kanda, bonyeza kitufe cha kucheza bila kanda ndani, na utaona vitu vitatu vinasogea mbele: hedi, ambayo ni kile kipande cha chuma kinachong'aa, kijiti chembamba cha chuma kinachozunguka, na gurudumu dogo jeusi la mpira linalokibana kijiti. Vyote vitakuwa na vumbi la kahawia. Hilo ni vumbi la kutu ya chuma lililotoka kwenye tepe zilizopita hapo, na ndilo linaloifanya sauti isikike kama imefunikwa blanketi. Chukua pamba ya masikio, ichovye kidogo kwenye spiriti, sugua hedi na kijiti mpaka pamba itoke nyeupe. Soma chupa kwanza: spiriti nyingine za kupaka ngozi zina mafuta, na mafuta yanaacha utando. Unayoitaka ni ya kusafishia vifaa vya umeme, safi isiyochanganywa. Gurudumu la mpira lisafishe kwa maji yenye sabuni kidogo kisha likaushe, maana spiriti ikizidi huukausha mpira ukapasuka.

Halafu spidi. Hapa ndipo kanda ya muziki inapofaa. Weka wimbo unaoujua, ambao na kwenye simu unao, viache vicheze pamoja. Redio ikitangulia au ikibaki nyuma sana, spidi siyo. Utepe unatakiwa upite sentimita 4.76 kwa sekunde. Redio ikichelewa, mara nyingi ni mkanda wa mpira wa ndani umelegea, na dawa yake ni mkanda mpya. Kama mkanda ni mzima, tazama nyuma ya mota: nyingi zina kitundu, na ndani yake kuna skrubu ndogo ya kurekebisha spidi. Igeuze kidogo sana kwa bisibisi nyembamba, sikiliza, geuza tena.

Kanda yenyewe nayo ikague juani kabla ya kuingia popote. Tazama kingo za utepe kupitia kidirisha. Ukiona unga mweupe, huo ni ukungu, na pwani hii yenye unyevu utauona mara nyingi. Usiicheze, ukungu utaingia kwenye redio na kuhamia kanda nyingine. Iweke pembeni umpelekee fundi, na wakati wa kuishika ziba pua. Kisha tazama katikati ya upande wenye uwazi: kuna kisponji kidogo juu ya bati la rangi ya shaba. Ndicho kinachousukuma utepe uguse hedi. Gundi yake hukauka kikadondoka, na kanda ikawa bubu au ikasikika kwa mbali. Watu wengi hutupa kanda wakidhani imefutika, kumbe kimekosekana kisponji cha ukubwa wa ukucha. Toa kingine kwenye kanda ya muziki iliyokufa. Kama gamba limefungwa kwa skrubu, fungua ukiwa umeilaza kanda mezani, wala usiisimamishe, kwani utepe ukishamwagika utaipoteza siku nzima kuukunja. Kama gamba limegandishwa bila skrubu, mpe fundi.

Vunja vile vipembe viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda kama bado vipo. Bila hivyo, kitufe chekundu hakibonyezeki, na mtoto hawezi kurekodi juu ya sauti ya babu yake.

Izungushe kanda mpaka mwisho na kuirudisha mara moja ili utepe ulegee, kwa sababu uliolala miaka mingi hushikana. Ila kanda za dakika 120 usizikimbize. Utepe wake ni mwembamba mno, hukatika na hujisokota. Hizo zirudishe kwa kalamu ya Bic, kama tulivyokuwa tukifanya wote kuokoa betri. Ukikatika, usiunge kwa selotepu ya dukani: gundi yake hutoka pembeni na kuganda kwenye hedi. Kuna tepe maalumu ya kuungia; ukiikosa, muone fundi.

Kuna jambo ambalo hata mafundi wengine hulipuuza, nami nalishikilia kuliko yote. Pembeni ya hedi kuna skrubu mbili. Moja imekazwa, nyingine ina springi chini yake. Hiyo ya springi ndiyo inayoamua hedi imesimama wima kiasi gani mbele ya utepe. Kanda iliyorekodiwa kwenye redio ya Muscat mwaka 1985 ilirekodiwa na hedi iliyoinama kwa namna yake, na redio yako imeinama kwa namna nyingine, basi zile sauti nyembamba za "s" na "f" zinapotea. Redio nyingi zina kitundu juu ya mlango cha kuifikia skrubu hiyo kanda ikiwa inacheza. Weka kanda, sikiliza mtu akizungumza, geuza skrubu robo ya robo kulia, kisha kushoto. Kuna mahali ambapo sauti itafunguka ghafla na utasikia hata pumzi. Acha hapo. Fanya hivyo kwa kila kanda, kwa kuwa kila moja imetoka redio tofauti.

Kuunganisha ni rahisi. Waya wa jeki mbili, upande mmoja tundu la hedifoni la redio, upande wa pili kompyuta. Kompyuta ndogo nyingi zina tundu la maikrofoni tu, ambalo ni jepesi mno kwa sauti ya redio na litakuletea mkwaruzo. Nunua kadi ndogo ya sauti ya USB yenye tundu la kuingizia sauti ya redio, siyo la maikrofoni pekee. Ukilazimika kutumia la maikrofoni, anza na sauti ya redio ikiwa chini kabisa upandishe taratibu. Redio itumie betri badala ya umeme ukisikia mlio wa "mmm" nyuma ya maneno.

Weka programu ya Audacity, ambayo ni ya bure. Chagua sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, na kama ni barua ya sauti chagua mono, maana redio nyingi za nyumbani zilirekodi kwa maikrofoni moja. Cheza sehemu yenye kelele kuliko zote, na mistari isifike ukingoni. Ikifika hasi 6 kwenye kipimo cha sauti (dB) inatosha. Sauti ndogo utaipandisha baadaye, lakini iliyokatika kwa kuzidi hairudi. Kisha rudisha kanda mwanzo, anza kurekodi, na uiache iende upande mzima bila kusimamisha. Usiruke kimya. Mara nyingi baada ya kimya kirefu mtu hurudi akasema neno alilolisahau.

Hifadhi kwanza kama WAV, bila kusafisha kelele. Kwa mono ni karibu MB 5 kwa dakika, hivyo kanda ya dakika 60 ni kama MB 300. Hiyo ndiyo nakala ya asili, usiiguse tena. Kutoka hapo tengeneza MP3 ndogo za kutumia watu, na hizo ndizo utakazosafisha ukitaka. Hata hivyo, punguza mkono. Muadhini wa nyuma, jogoo, muuza samaki anayepita, ni sehemu ya nyumba ile.

Asiye na kompyuta anaweza kuweka simu mbele ya spika, sentimita 30 hivi, chumba kimefungwa, feni imezimwa, na mtandao wa simu umezimwa ili mtu asipige katikati. Si kazi nzuri, lakini ni bora kuliko kungoja.

Mteja mmoja aliniletea kanda ya Idi ya miaka ya themanini. Mama yake alikuwa anaita watoto mmoja mmoja waje wamsalimie baba aliye ng'ambo. Mmoja akagoma, ukasikika mlango unabamizwa, mama akacheka akasema, "Huyu naye kakuchukia, hujamletea viatu." Mteja hakujua ni nani kati ya ndugu zake. Aliyejua ni shangazi, na bahati nzuri bado alikuwa hai. Kwa hiyo usisikilize peke yako. Kaa na mtu mzima wa familia, na daftari, uandike dakika na jina: nani anazungumza, wako wapi, mwaka gani. Faili nalo lipe jina linaloeleweka: 1986_Idi_Mama_upandeA. "Audio 0047" haitamwambia kitu mjukuu wako.

Na kabla hujaitupa kwenye kundi la familia, isikilize yote. Barua hizi zilisemwa mlango ukiwa umefungwa. Kuna madeni humo, kuna ugomvi wa mirathi, kuna maneno ya mke na mume. Mwenye sauti akiwa hai, muombe ruhusa. Akiwa ametangulia, waulize wanawe. Nimeshakataa kumkopia mtu kanda ya wazazi wa mwingine, na nitakataa tena.

Nakala ziwe tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja mbali na nyumba yenu, kwa ndugu wa mji mwingine au Google Drive, ambayo hutoa GB 15 bure. Flashi peke yake usiitegemee. Kanda zenyewe usizitupe. Zicheze mpaka mwisho kwa spidi ya kawaida ili utepe ukae sawasawa, zirudishe kwenye makasha, zisimamishe kama vitabu mahali pakavu, mbali na spika kwa sababu ya sumaku zake, na mbali na dirisha la jua. Sehemu iliyotoka vibaya leo inaweza kutoka vizuri kesho kwenye redio yenye hedi bora.