Kufundisha Uandishi wa Aya ya Kiingereza Chuo Kikuu

Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi ya umma kwa Kiswahili, kisha sekondari kwa Kiingereza, mara nyingi hufika chuo kikuu akizijua kanuni za sarufi bila kuwahi kufundishwa kujenga hoja katika aya. Kwa hiyo anza na sentensi kuu, yaani ile inayobeba dai la aya nzima, na uitengee muda mrefu kuliko hatua nyingine zote. Mpe sentensi isemayo kwamba bandari ya Dar es Salaam ni muhimu, umwulize ni muhimu kwa nani na kwa namna gani, mpaka aandike kwamba bandari hiyo hupitisha mizigo ya nchi zisizo na pwani, zikiwemo Zambia na Rwanda, kwa kuwa dai la namna hiyo linahitaji ushahidi na humwonyesha mapema ni sentensi ipi isiyo na nafasi katika aya yake.

Mruhusu apange mawazo kwa Kiswahili kabla ya kuandika; kumnyima lugha anayofikiria kwayo ni kumwonea. Viunganishi vifuate baadaye, wala visikaririshwe kwa orodha.

Unaposahihisha rasimu ya kwanza, yaache makosa ya nyakati na tahajia, uulize tu kama kila sentensi inaitetea ile kuu, kisha umtake aiandike upya aya ileile kabla hujampa mada nyingine.