Sarafu za babu: angalia bei zilizouzwa, siyo zinazotangazwa

Tumerithi kopo la sarafu za kale, na sonara wa kwanza Kariakoo alitaka kuzipima kwa gramu, zote pamoja. Kabla hujakubali, soma mwaka na herufi ndogo ya kiwanda kwenye kila moja, kisha ingia eBay, soko la mtandaoni, zitafute na uchuje zibaki zilizokwishauzwa tu. Bei ya tangazo ni ndoto ya muuzaji. Iliyolipwa ndiyo soko. Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921 hadi 1946 ina madini ya fedha robo tu, kwa hiyo mizani haikupi kitu cha maana, lakini rupia ya Mjerumani ina fedha takriban asilimia 92 na uzito wa gramu 11.66, hiyo usiiachie kirahisi. Na tafadhali, usizisugue kwa majivu na ndimu! Wakusanyaji huzikimbia zilizong'arishwa. Njia hii inakwama sarafu ikiwa imelika hadi mwaka hausomeki, au ikiwa ni ile ya dhahabu yenye tembo iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916: hiyo ina bandia nyingi, picha mtandaoni hazitoshi, lazima mjuzi aishike.