Jinsi ya kukaza udhibiti wa ndani hospitalini, anzia stoo ya dawa

Ukitaja udhibiti wa ndani, yaani taratibu za kuzuia wizi na makosa, wengi wanawaza mkaguzi na mafaili, ila anayeumia wa kwanza ukilegea ni mgonjwa. Mama katoka kisiwa cha Kome na boti, mtoto ana malaria, anaambiwa dawa hamna kanunue nje, na kadi ya stoo inaonesha zipo. Hii inaniuma sana.

Kwa hiyo anzia hapo. MSD (Bohari ya Dawa) wakishusha mzigo mtunza stoo asipokee peke yake, ita kamati ya mapokezi, hesabuni maboksi, someni tarehe za kuisha, linganisheni na ankara ndo msaini. Bin kadi, ndo hiyo kadi ya stoo, ijazwe dawa inapotoka, sio jioni kwa kukumbuka kumbuka, na inayokaribia kuisha muda itoke kwanza. Kila mwezi mtu asiye wa stoo ahesabu upya.

Alafu fanya hiki ambacho wengi wanaruka, chukua rejista ya maabara hesabu waliopimwa mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) wakakutwa nayo, linganisha na dozi za ALu (dawa ya malaria) zilizotoka dirisha la dawa. Dozi zikizidi wagonjwa kwa mbali, uliza siku hiyo hiyo, maana ukisubiri robo ya mwaka iishe kila mtu ameshasahau na hapo hakuna wa kujibu.

Pesa nayo, hakuna kupokea mkononi, mgonjwa apewe kontrol namba alipe, na anayekusanya asiwe ndo anasuluhisha hesabu za benki, yaani kulinganisha zilizokusanywa na zilizoingia benki. Angalia sana misamaha ya wazee na watoto chini ya miaka 5, maana mtu anaweza kulipa keshi akaandikwa kasamehewa, so ipitie kwa afisa ustawi wa jamii na asaini yeye.

Fomu za bima zikaguliwe kabla ya kutumwa, saini ikikosekana madai yanakatwa na hiyo ndo hela ya kununulia dawa mwezi ujao.

COSO, kamati ya Marekani iliyoandika mwongozo wa udhibiti wa ndani, toka 1992 wanataja vipengele vitano na cha kwanza ni mazingira ya udhibiti, yaani mganga mfawidhi mwenyewe. Akichukua dawa stoo bila kusaini hizo kadi zote ni mapambo tu.

Mko wachache, mfano kituo cha kule Ukerewe? Zungusheni majukumu kila baada ya muda, na makabidhiano yafanyike kwa kuhesabu mbele ya mtu wa tatu.